Jiwe Linalopasuliwa kwa Maji



Vijana wa kanisa wameniuliza zaidi ya mara moja: «Pasta, ni kweli kule Amerika banapasula majiwe na maji, petroli inatoka?» Wengine wamesikia kwa radio juu ya «gazi ya shisti», wengine wamesoma kwa telefone. Wazee nao wana ulizo lao: kama jambo hilo ni zuri, juu ya nini Wafaransa wamelikataza kwao? Maulizo yote mawili yanastahili jibu. Na sisi watu wa mine tunaweza kuelewa jambo hili upesi kuliko watu wa mahali pengine. Mtoto wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi hahitaji kufundishwa kwamba mali iliyo ndani ya jiwe haiji mkononi yenyewe.

Petroli si ziwa

Watu wengi wanawaza kwamba chini ya udongo kuna ziwa jeusi la mafuta. Unatoboa shimo, unatia pompi, basi. Hapana. Petroli inakaa ndani ya jiwe, katika vitundu vidogo sana, sawa vile maji yanavyokaa ndani ya mchanga wa mtoni. Ukifukua shimo katika mchanga huo, maji yanakuja yenyewe kulijaza. Hiyo njo petroli ya zamani, petroli nyepesi kutoa: jiwe la mchanga lenye vitundu vinavyoshikana, na mafuta yanatembea kutoka kitundu mpaka kitundu hadi kwenye kisima.

Sasa chukua bukari. Mama anaipika kwa maji mengi, na maji yale hayakupotea yote, yamo ndani. Toboa tonge kwa kidole uone kama yatatiririka. Hakutoki hata tone. Maji yamo, njia haimo. Kuna mawe ya namna hiyo. Linalojulikana zaidi ni shisti, yaani tope la zamani lililoshindiliwa mpaka likageuka jiwe lenye tabaka nyembamba nyembamba.

Aliyetufundisha kupima jambo hili alikuwa enjenieri Mfaransa, Henry Darcy, aliyepeleka maji safi katika mji wa Dijon. Katika mwaka wa 1856 alitoa kitabu chenye hesabu ya namna maji yanavyopita katika mchanga. Hakuwa anawaza petroli hata kidogo, alikuwa anawaza fonteni za mji wake. Lakini mpaka leo watu wa petroli wanapima mawe kwa jina lake: wanasema jiwe hili lina darsi kadhaa, lile lina sehemu ndogo ya darsi. Jiwe zuri la mchanga na shisti vinaweza kupitana mara milioni. Nasema milioni, si elfu. Kile ambacho katika jiwe moja kinapita kwa siku moja, katika lile lingine hakipiti kwa maisha ya mtu.

Wenye elimu ya mawe wanasema tena neno la kushangaza: shisti hiyo mara nyingi njo mama wa petroli. Mafuta yalizaliwa ndani yake, kutokana na viumbe vidogo vya majini vilivyokufa vikafunikwa na tope. Sehemu moja ya mafuta ilitoroka, ikapanda, ikanaswa katika jiwe la mchanga. Esansi na mazutu ambayo dunia imechoma kwa zaidi ya miaka 100, karibu yote ni ya wale watoto waliotoroka. Mama amebaki na mengi tumboni.

Kwanza ilikuwa baruti

Msomaji wa Ayubu sura ya 28 anajua kwamba mtu kuingia ndani ya mlima kutafuta mali si kazi ya jana. Kupasua jiwe ili litoe mafuta nako si kazi ya jana. Edward Roberts alikuwa ofisa katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Aliona namna bomu linavyofanya nguvu zaidi linapolipuka ndani ya maji, maana maji yanazuia mlipuko usipande juu. Mwezi wa kwanza wa 1865, huko Titusville katika Pennsylvania, alishusha bomba la baruti chini ya kisima, akaacha maji juu yake, akalipua. Mafuta yakaongezeka. Mwaka 1866 alipata karatasi ya Serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na tangu hapo kila mwenye kisima alipaswa kumlipa.

Mnawaza watu walifanya nini? Walifanya kama wanavyofanya watu kila mahali penye mali na bei kali: wakaanza kulipua usiku, kwa kificho, ili wasimlipe. Walipewa hata jina, «watu wa mwangaza wa mwezi». Msomaji wa mine atacheka hapa, maana watu wa usiku hatuhitaji kuwatafuta Amerika. Lakini kicheko kisikae sana. Nyuma ya baruti ilikuja nitrogliserini, mafuta ya kulipuka yanayoogopa kutikiswa, na wengi waliokuwa wakiyabeba kwa magari ya farasi hawakurudi nyumbani.

Kupasua kwa maji kulikuja nyuma sana. Mwaka 1947, katika uwanja wa gazi wa Hugoton, Kansas, kompani ya Stanolind ilijaribu kusukuma esansi iliyofanywa nzito kama uji, pamoja na mchanga wa mtoni. Kisima hakikutoa zaidi ya zamani. Hawakuacha. Tarehe 17 Machi 1949 kompani ya Halliburton ilifanya kazi hiyo kwa malipo mara ya kwanza, katika Oklahoma na Texas, na toka hapo ikaenea.

Lakini shisti yenyewe ilikuwa inakataa. Aliyepigana nayo sana alikuwa George Mitchell, aliyezaliwa Texas mwaka 1919, baba yake Mgiriki aliyekuwa mchunga mbuzi kabla ya kuhamia Amerika. Kompani yake ilichimba kisima cha kwanza katika shisti ya Barnett mwaka 1981. Miaka ikapita, feza ikaliwa, wengi katika kompani yake wakasema jiwe lile halina kitu. Wakati ule walikuwa wanasukuma maji mazito yenye dawa nyingi za bei kali. Kufika 1998, zaidi kwa kutaka kupunguza garama kuliko kwa hekima, maenjenieri wake walijaribu maji mepesi, yenye dawa kidogo ya kuyafanya yateleze. Jiwe likatoa kuliko zamani! Mitchell alikuwa amekwisha kufika miaka karibu 80. Mwaka 2002 kompani yake ilinunuliwa na Devon kwa zaidi ya dolari miliari 3. Kompani nyingine zikaunganisha maji yale na kuchimba kwa kulala, na Marekani, iliyokuwa inatoa barili milioni 5 za petroli kwa siku katika 2008, ilifika karibu milioni 13 katika 2023.

Namna wanavyofanya

Kisima kinashuka wima metre 2000 ao 3000. Halafu kinapinda polepole, kinaanza kulala ndani ya tabaka la shisti, na kinaendelea hivyo metre 1500, 3000 na zaidi. Shimo la wima linagusa tabaka kama sindano inayotoboa blanketi. Shimo la kulala linapita ndani ya blanketi toka mwanzo mpaka mwisho wake. Ndani ya shimo wanatia matiyo ya chuma, na kati ya tiyo na jiwe wanasukuma simenti. Muikumbuke simenti hiyo, tutairudilia.

Halafu wanashusha chombo chenye baruti ndogo ndogo zinazotoboa tiyo na simenti na kuingia kidogo katika jiwe. (Kumbe baruti haijapata pansio yake bado.) Juu, makamyo yenye pompi yanapangwa kando kando, na yote yanasukuma pamoja, kwa nguvu inayoweza kufika bar 600. Gurudumu la gari lina bar 2 hivi. Jiwe linavumilia, linavumilia, halafu linashindwa. Ufa unafunguka, mwembamba, milimetre chache tu, lakini unakwenda mbali.

Sasa sikilizeni ninyi mnaojua kazi ya chini. Maji yakirudi, ufa unataka kufunga, maana mlima wote unaukandamiza. Mchimbaji anafanya nini asiangukiwe na mlima? Anatia mbao za kushikilia. Hapa mbao ni mchanga. Pamoja na maji wanasukuma chembe za mchanga mgumu, na maji yakiondoka chembe zinabaki katika ufa, zinashikilia kuta, na mafuta yanapita katikati yake. Kisima kimoja kinakula tani elfu kadhaa za mchanga. Wanafanya kipande kwa kipande: wanapasua, wanaziba, wanarudi nyuma kidogo, wanapasua tena, mara 20, mara 40 na zaidi. Wakimaliza wanatoboa vizibo na kisima kinaanza kutoa.

Maji na mchanga ni karibu vyote vinavyoingia. Dawa ni sehemu ndogo: za kutelezesha, za kuua vijidudu, asidi ya kusafisha matundu. Lakini sehemu ndogo ya kitu kikubwa si ndogo. Katika 2014, kwa hesabu ya ofisi ya Serikali ya Marekani inayochunguza mawe na maji, nusu ya visima vya gazi vya kulala vilitumia zaidi ya lita milioni 19 kila kimoja. Asilimia moja tu ya hizo ni lita 190 000.

Jiwe linatoa kidogo

Hapa njo vijana wanaoota utajiri wa haraka wafungue macho. Kisima cha shisti kinaanza kwa nguvu na kinachoka upesi. Katika mwaka wa kwanza kinapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Basi kompani inapaswa kuchimba kingine, na kingine, na kila kimoja kinaweza kupita dolari milioni 5. Na nyuma ya kazi hiyo yote, petroli inayopatikana mara nyingi haifiki sehemu moja kwa kumi ya ile iliyo ndani ya shisti. Katika jiwe zuri la zamani mtu anaweza kutoa karibu theluthi moja.

Ndiyo maana maenjenieri hawalali. Wamesogeza vipande karibu karibu, wakaongeza mchanga, wakarefusha shimo. Wengine wanarudi katika kisima cha zamani na kukipasua mara ya pili. Kusini ya Texas wamejaribu kusukuma gazi ndani ya kisima kilichochoka, kukifunga kwa muda, halafu kukifungua: gazi inaingia katika petroli, inaifanya nyepesi, na wakifungua inatoka nayo. Lakini visima vikikaribiana sana vinanyang'anyana, kile kipya kinaiba nguvu ya kile cha zamani. Kwa maoni yangu, hakuna anayeishinda shisti. Watu wanapatana nayo tu, mwaka kwa mwaka, kwa feza nyingi.

Na feza hiyo inafuata bei ya dunia. Williston, mji mdogo wa North Dakota, ulijaa wanaume waliokuja bila bibi na watoto, wakalala katika makambi ya masanduku ya chuma. Mwaka 2014 uchunguzi mmoja ulionyesha kwamba kodi ya nyumba ndogo pale ilipita ya New York. Barili ilikuwa juu ya dolari 100 katikati ya mwaka huo. Mwanzo wa 2016 ilikuwa chini ya 30, na makambi yakabaki matupu. Sisi tulioona bei ya shaba na ya kobalti ikipanda na kuanguka hatuhitaji maelezo mengi.

Vumbi, mitetemeko, maji

Ule mchanga wa kushikilia ufa ni kwarzi, na unapomwagwa kutoka kamyo unatoa vumbi jeupe. Katika 2012 Serikali ya Marekani ilitoa onyo: wachunguzi wake walipima hewa katika mahali 11 pa kupasulia, na vipimo vingi vilipita kiasi kinachoruhusiwa. Vumbi hilo likikaa katika mapafu linaleta silikozi, ugonjwa usiorudishwa na dawa. Kuna nyumba katika eneo letu ambazo zinaujua kifua hicho bila kusoma gazeti.

Kuna tena maji yanayorudi juu pamoja na petroli, yenye chumvi kali kupita ya bahari. Katika Oklahoma walikuwa wanayatupa kwa kuyasukuma chini sana, katika mawe ya ndani. Jimbo lile, lililokuwa linapata mtetemeko mmoja ao miwili ya kutambulika kwa mwaka, lilipata zaidi ya 800 katika 2015. Tarehe 3 Septemba 2016 ule wa Pawnee ulifika kipimo cha 5,8. Tuseme haki: sababu kubwa haikuwa kupasua kwenyewe, ilikuwa kutupa maji yale. Walipopunguza kuyasukuma, mitetemeko ikapungua.

Sasa turudi kwenye simenti. Dimock ni kijiji cha wakulima katika Pennsylvania. Tarehe 1 Januari 2009 kisima cha maji ya kunywa kililipuka kando ya nyumba. Gazi ilikuwa imeingia ndani ya maji. Wakaguzi wa jimbo waliona kwamba visima vya gazi vya kompani ya Cabot havikujengwa vizuri, gazi ikapata njia ya kupanda kando ya tiyo. Yaani mara nyingi hatari haitoki katika ule ufa wa chini kabisa, ulio mbali na maji ya watu. Inatoka katika simenti iliyotiwa ovyo, katika dawa zilizomwagika juu, katika mashimo ya maji machafu. Ofisi ya mazingira ya Marekani ilikubali jambo hilo katika ripoti yake ya 2016. Watu wa Dimock walikaa miaka wakiletewa maji kwa kamyo. Novemba 2022, mbele ya tribinali, kompani iliyorithi Cabot haikubisha mashitaka na ikakubali kulipa zaidi ya dolari milioni 16 ili kijiji kijengewe maji mapya ya bomba. Hesabuni: tangu 2009 mpaka 2022.

Wafaransa walikataza kupasua kwa sheria ya Julai 2011, wakiogopa maji yao. Katika Afrika, watu wa In Salah, mji wa jangwa kusini ya Algeria, walijaa njiani mwanzo wa 2015 kupinga visima vya shisti, maana maji ya chini ya jangwa njo maisha yao.

Na kwetu?

Petroli yetu ya Muanda, inayotoka tangu miaka ya 1970, inatoka katika mawe ya kawaida. Gazi ya Ziwa Kivu haimo katika jiwe, imeyeyuka ndani ya maji ya chini. Kwa upande wa Rwanda inatoa umeme tangu mwisho wa 2015 bila kupasua kitu. Mwaka 2022 Serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli. Oktoba 2024 ikaufuta. Habari ya vitalu haijaisha kwa hiyo, na siku moja watu wenye mashini wanaweza kufika karibu na kijiji cha msomaji.

Kuna tofauti kubwa kati yetu na Dimock. Kule mwenye udongo mara nyingi njo mwenye mali ya chini. Anatia sahihi, na sheria ya Pennsylvania ya 1979 inampa angalau sehemu moja ya nane. Kwetu mali ya chini ni ya Serikali, na sheria ya hidrokabure ya 2015 imeishikilia hivyo. Mwenye lupango hana karatasi ya kutia sahihi. Anachobaki nacho ni kisima chake cha maji.

Kwa hiyo tazameni jambo moja ambalo Pennsylvania ilitia katika sheria mwaka 2012. Maji ya nyumba yakiharibika karibu na kisima cha shisti, ndani ya metre 760 hivi, katika miezi 12 nyuma ya kazi, kompani inahesabiwa kuwa na kosa mpaka ionyeshe kwamba haina. Na inaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba maji yalikuwa mabaya tangu zamani, ao kwamba mwenye nyumba alikataa maji yake yapimwe. Basi makompani yanapita nyumba kwa nyumba na chupa mbele ya kuchimba. Anayewafukuza anaharibu kesi yake mwenyewe.

Chupa hiyo haina haja ya kungojea petroli. Penye mine yoyote mpya, mbele ya mashini kuanza, kanisa linaweza kuchota maji ya kila kisima na ya mto katika chupa zilizooshwa vizuri, mbele ya mashahidi wawili, moja wao awe wa nje ya kanisa. Andikeni tarehe, saa, na jina la kisima. Pelekeni laboratwari mjini siku hiyo hiyo ikiwezekana, muombe wapime chumvi, asidi na madini mazito, na muombe karatasi yenye muhuri. Garama ikiwa kubwa, anzeni na kisima kimoja, kile kinachonywesha watu wengi. Karatasi mfanye nakala tatu: moja kwa chefu, moja kwa skoli, na moja katika sanduku la kanisa pamoja na kitabu cha ubatizo, maana watu wanahama na viongozi wanabadilishwa. Nyuma ya miezi sita mchote tena, mahali pale pale.